Kokwa Mfukoni

Nilihesabu tisa.
Umande wa Manyovu ulikuwa bado umelala juu ya mibuni,
nami na kanga mabegani, nikarudia:
tisa, pamoja na lile lililojificha nyuma ya jani
kama mtoto asiyetaka kutumwa chumvi.

Kokwa zilitoka Lushoto, tatu, ndani ya leso.
Skolastika alinipa aliporudi masomoni:
"Dada, kwenu nako kuna baridi. Jaribu."
Moja ilioza. Moja kuku aliifukua.
Ya tatu niliizika nyuma ya jiko,
pale ninapomwaga maji ya kuoshea maharage,
nikaiwekea miiba, nikaisahau,
na siku moja ikanikumbusha.

Ruhwanya alicheka.
"Mpichi! Mti hauna debe, hauna bei.
Hapo ningeweka mibuni miwili."
Tangu siku hiyo, kila akinoa panga
mimi nakumbuka kitu cha kufanya nyuma ya jiko.

Mwaka wa pili, Juni, upepo wa mpakani
uliuvua majani yote.
"Si nilikwambia?"
Nami sikuwa na jibu, nilikuwa na maji ya maharage tu.

Ndipo Agosti, mti mtupu, fimbo tupu,
ukatoa maua ya waridi bila hata jani moja,
kama mwanamke aliyefunga kilemba
kabla hajavaa gauni.
Watu waliokwenda gulioni walisimama.
"Mwakeye, mama. Huo ni mti gani?"
Nikawa najibu kwa sauti, ili mtu fulani ndani asikie.

Mwaka ule maua yalipukutika yote.
Uliofuata, yakabaki tisa.

Nani alijua tunda lina malaika?
Malaika wale wale wa shingoni mwa kichanga,
unapitisha kidole na mwili wako unasisimka.
Kijani, kisha njano, kisha upande wa jua
ukaona haya.

Jumatano nikahesabu nane.

Nilimwita Bukuru, mtoto wa jirani,
nikamnusa vidole kimoja kimoja.
Vilinuka dagaa.
Hata hivyo nilimkaripia,
maana hasira ikishatoka nyumbani
haipendi kurudi mikono mitupu.
Aliondoka akiburuta tairi lake, halina mlio.

Jumamosi nikafua.
Shati la Ruhwanya, lile la mikutano ya ushirika,
mfukoni kuna kitu kigumu.
Stakabadhi ya kahawa, imekunjwa mara nne,
na ndani yake, kokwa:
imefyonzwa hadi ikawa nyeupe,
imekaushwa, imefungwa
kama dawa ya mtoto.

Nilikaa juu ya ndoo.
Mtu wa debe na bei!
Alikula wapi? Chooni? Njiani, akiwa ameupa mji mgongo?
Alifumba macho?
Nilicheka mpaka povu likakauka mikononi,
kisha nikamkumbuka Bukuru, kicheko kikakatika.

Nilimpa lililo kubwa kuliko yote.
Hakuuliza kwa nini.
Aling'ata, akashtuka, akanitazama,
maji yakamtiririka mpaka kiwikoni
naye akayafuata kwa ulimi, hakuliachia ardhi hata tone.
Nilitaka kusema neno. Nikamfuta kidevu.

Langu nililila nimesimama, chini ya mti wenyewe,
bila kisu, bila sahani.
Lilikuwa na uchachu kidogo karibu na kokwa,
na utamu ambao haukuwa na haraka.
Miaka mitatu na miezi minne, midomo sita au saba.

Shati nililipiga pasi.
Kokwa nikairudisha mfukoni, na stakabadhi yake.

Jioni ya Jumatatu, giza limeshaingia,
nilisikia jembe likigonga kati ya mibuni,
taratibu, jembe la mtu anayejificha.
"Unafanya nini huko, baba Zabroni?"
Kimya. Kisha:
"Napalilia."

Nikaingia jikoni,
nikatoka na sufuria la maji ya maharage,
nikaliweka karibu na mguu wake,
nikarudi zangu ndani.