Mabano

Saa nne usiku, Kitangari. Ukungu umeshapanda,
umekaa juu ya mabati ya ghala kama mgeni asiye na haraka.
Mizani nimeifunika turubai.
Simu ina asilimia kumi na tisa,
na mtandao unapatikana, ukisimama mlango wa kaskazini.

Mchana mimi ni karani wa chama cha msingi.
Nachoma bambo kwenye gunia, namwaga kiganjani, natazama:
korosho, kokoto, korosho iliyooza.
Daraja la kwanza. La pili. Rudi kaanike.
Usiku napima maneno, pamoja na watu nisiowajua,
kwenye kamusi elezo isiyo na jalada.

Makala yake niliianza kwa kichwa hiki:
Marehemu Mwalimu Bi. Somoe Nandonde, Malenga wa Newala.
Asubuhi nikakuta yamebaki maneno mawili.
Dira81, sijui yuko wapi, labda Bukoba, labda Oslo,
kaandika: "Vyeo hatuweki. Sifa hatuweki.
Malenga, kasema nani?"
Nilikasirika mpaka chai ikapoa.
Kisha nikakubali. Kokoto ni kokoto
hata ukiitia mwenyewe, kwa mapenzi.

Mara akaonekana Somoe Nandonde mwingine,
mchezaji wa netiboli, mzima, wa Masasi,
kwenye picha anacheka.
Wangu akawekewa mabano:
Somoe Nandonde (mshairi).
Binti wa kaka yake alisoma kwenye simu yangu,
akagusa kioo kwa ukucha: "Na hivi viukuta viwili?"
Nikamwambia ni vya kumtofautisha.
"Shangazi," akasema, "alikuwa anatofautika mwenyewe."

Alizaliwa mwaka wa nzige. Kisanduku kinataka tarakimu.
Mshairi wa kike? Nikafuta "wa kike",
mbona wanaume hawaandikiwi "wa kiume".
Mshairi wa Kimakonde? Aliandika kwa Kiswahili,
alitukana kwa Kimakonde, na alihesabu kwa Kimakonde pia,
midomo ikicheza, akigawa madaftari.
Nikaacha: mshairi na mwalimu kutoka Tanzania.
Sentensi kavu. Unyevu wake haufiki asilimia kumi.

Ndipo Dira81 alipoleta jina la utotoni.
Kalitoa rejesta ya zahanati ya misheni, ukurasa upo, mwaka upo,
akaliwekea elekezo: ukilitafuta hilo, unaletwa kwa huyu.
Kwake ni huduma.
Huku kwetu mtu akitoka unyagoni
jina la zamani hubaki porini pamoja na nguo.
Kumwita nalo akiwa mzima ni kumvua watu wanaona.
Nikafuta. Akarudisha. Nikafuta.
Akauliza, kwa adabu: "Chanzo?"

Nikamwekea ubeti wake, kijitabu cha kuchapa kwa taipureta,
ukurasa wa tisa, kutu ya pini imeshakula herufi moja:

Jina nilipolivua, sikulitupa njiani,
nililianika jua, likakauka uani;
msiojua hatua, msiliite sokoni,
lina baridi na mvua, lina mama yangu ndani.

Akajibu: "Hicho ni chanzo cha msingi.
Tunataka kinachojitegemea."
Nikacheka peke yangu gizani.
Chama cha msingi, chanzo cha msingi.
Kila wa chini kabisa hupewa neno hilo
kisha huambiwa asubiri mwenye mizani.

Jina lenyewe nalijua. Nililisikia mara moja,
dada yake mkubwa, kipofu, alimwita nalo siku ya mwisho,
na chumba kizima kikatazama sakafu.
Nitamwandikia nini Dira81? Chanzo: sakafu?

Siku tatu kimya.
Leo nimefungua: elekezo limeondolewa.
Maelezo yake mstari mmoja:
"Bibi yangu naye alikuwa nalo. Sikuwahi kumuuliza."

Sikumuuliza ni bibi wa wapi.
Mabano nimeyaacha.
Nimeandika "Ahsante", nikaweka vimawimbi vinne vya sahihi,
na simu ikazima
kabla haijasema kama imehifadhi.