Karani wa Mizani Anauliza

Proches amepanda Uru kutoka mjini Moshi, kompyuta mgongoni,
akaiweka juu ya meza ya kupimia kahawa,
baada ya kupuliza makapi.
Jumamosi chama cha msingi kinachagua mwenyekiti,
na mwaka ule, mnaukumbuka,
sanduku lilitoka hapa na kura mia mbili na kumi
likafika ofisini na mia mbili arobaini na tatu.
Limezaa njiani, tukasema, tukacheka
kicheko cha mtu aliyepigwa kofi mbele ya wakwe.

Sasa Proches anasema: blokcheni.
Daftari moja, nakala elfu.
Kila kura ni fundo juu ya fundo la jana;
ukitaka kulegeza moja, ulegeze yote,
na kila jirani ameshika ncha ya kamba.
Hakuna kufuta, anasema.
Hapo nikatazama vidole vyangu.

Kwa sababu mimi nimefuta.
Msimu wa mvua nyingi, nikiwa na miaka ishirini na sita,
kilo kumi na nne za mjane Makrina
zikawa nne.
Wembe, mate kidogo,
tarakimu inabanduka kama ukoko.
Aliyeniagiza amekwisha kufa. Wembe ninao.

Kwa hiyo msidhani nalichukia daftari lake.
Ningelikuta mezani siku ile, ningekuwa mtu safi.
Au mwizi mwenye shule zaidi.

Nikamwambia: Kijana, masale tunayapanda mpakani
majirani wote wakiona,
mashahidi wasiolala, wasiokula rushwa.
Nani hapa hajasikia masale yaliyotembea usiku?
Akasema, hili halitembei.
Sawa, halitembei.
Lakini aliyeyapanda pasipo pake siku ya kwanza?
Si yatasimama hapo milele,
yakiutunza uongo kwa uaminifu uleule?

Akanyamaza. Nilimpenda kwa hilo.

Makrina alikuwa mlangoni na debe lake.
Akafungua pindo la kanga, akatoa kitochi:
Namba yangu ya siri anaijua Filbert,
ndiye anayenitolea hela.
Basi atakayechagua ni mimi, au mjukuu wangu?
Halafu akaonyesha kwa kidevu lile pazia la gunia
tunalolitundika pembeni kila uchaguzi:
Pale nyuma siingii na mtu.
Hata marehemu alikuwa akinisubiri nje,
akikohoa.

Proches akaandika kitu kwenye kiganja chake.
Sikuona ni nini.
Nje mvua ilianza kuhesabu mabati,
haikosei, haitoi risiti.

Nikavuta kiti.
Hilo daftari lako, nikamwuliza, linapokea mambo ya zamani?
Yapi?
Andika: Makrina, kilo kumi na nne.
Andika msimu. Andika na jina la karani, lote,
kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo.

Akaandika. Akabonyeza.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka;
mtandao ulikuwa umeenda upande wa pili wa mlima.

Mnaandika nini? akauliza Makrina,
akitua debe lake juu ya mizani.
Sindano ikapanda, ikatetemeka,
na sisi watatu tukaikodolea macho,
tukingoja itulie.