Pointi Moja ya Kukosa

Nimezunguka Kariakoo, Narung'ombe hadi Kongo,
mpira wa kaka nimeutia kwenye kiroba.
Muuza jezi kaugeuza, kaupima kwa viganja:
"Dada, huu umekaliwa na nani?"
Sikumjibu. Nimeurudisha Yombo,
nikaushona mwenyewe kwa sindano ya magunia
na uzi wa fundi viatu, mishono thelathini na moja.

Umekaliwa na Kondo.
Kondo Pazi, namba thelathini na nane mgongoni,
miaka sita Australia, kwenye mji
ambao mama hakuwahi kulitamka jina lake akalimaliza.
Alikwenda kusomea upishi. Alirudi na goti la chuma.

Alitusimulia kwa simu, tukipokezana sikio:
uwanja wao duara kama ungo,
kumi na wanane huku, kumi na wanane kule,
milingoti minne imesimama bila mwamba, bila wavu,
kama nguzo za nyumba ambayo mwenyewe kaishiwa saruji.
Unaruhusiwa kushika. Unaruhusiwa kumpandia mtu mgongoni
ukaufuata mpira juu, na ukiudaka safi
filimbi inalia, wote wanakuacha,
upumue, upime, upige.
"Wanasimama kweli?" mama akauliza. "Hakuna anayekusukuma?"
"Kweli, mama."
Mama akanyamaza muda mrefu, salio likikatika.
Tangu baba afariki
hakuna filimbi iliyowahi kulia kwa ajili yake.

Gazeti la huko lilimpiga picha mara moja tu.
Magoti yake yapo mabegani kwa jamaa mwekundu
kama kamba aliyechemshwa, vidole kumi vimefunguka.
Niliibandika ukutani, juu ya cherehani.
Wateja waliuliza: huyu anapanda au anaanguka?
Nilijibu kutegemea na siku.

Hesabu yake niliiandika nyuma ya daftari la vipimo,
baina ya kiuno cha Mama Zubeda na mabega ya bwana harusi:
mechi ishirini na tatu, kikosi cha kwanza;
sitini na kitu za akiba, kwenye matope na mvua ya mawe;
magoli kumi na tisa.
Halafu safu niliyoipenda, ya kukosa: thelathini na nne.
Maana huko ukikosa kidogo,
mpira ukapita kando ya milingoti mirefu
lakini ndani ya ile mifupi,
mwamuzi ananyoosha kidole kimoja
na wanakupa pointi.
Pointi, kwa kukosa!
Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Goti lilikatika mazoezini, siku isiyo na jina.
Hakuna aliyemgusa. Alisikia mlio tu, anasema,
kama muwa unavunjwa.
Klabu ikampa mkono na barua ya maneno mazuri.
Uwanja wa ndege nilimwona kabla hajaniona:
anachechemea, mpira kwapani kama kuku wa zawadi.

Sasa anatengeneza mafriji Tandika.
Jumamosi alasiri yuko kwenye vumbi nyuma ya shule,
amechimbia mianzi minne.
Watoto wa kandanda wanamzomea: "Kocha wa yai!"
Na mpira wenyewe hauna adabu,
ukidunda kulia unakwenda kushoto,
umeshaingia uani kwa watu, umeshamwaga uji wa mgonjwa.
Siku njema wanakuja tisa. Siku nyingine watano.

Juzi Chande, mtoto wa muuza mkaa, asiyeongea sana,
alirudi nyuma hatua saba, akapiga.
Mpira ukapinda hewani, ukapita pembeni,
ukagonga bati la choo cha jirani.
Chande akainama. Alikuwa anasubiri
kile tunachopewa huku mtu akikosa.

Kondo akachechemea hadi kwenye mianzi,
akanyoosha mkono, kidole kimoja,
uso hauna mzaha hata punje,
akanigeukia nilipoketi juu ya ndoo na daftari:
"Andika."

Nikaandika.
Mwenye choo akaanza kutukana.