Kinyota Mbele ya Neno

Daftari la baba linanuka mabibo.
Alirudi nalo kutoka Kharkov mwaka themanini na nne,
fundi wa mitambo ya kubangulia korosho;
kiwanda kilipofungwa, akabaki na daftari.

Ukurasa wa kumi na tisa, wino wa zambarau:
*lěpiti.
Chini yake: kupaka, kunatisha, kufinyanga.

"Hicho kinyota," aliniambia, tumekalia magunia matupu
uani kwetu Kitangari,
"maana yake hakuna aliyelisikia.
Waliolisema hawakujua kuandika.
Tunalijua kwa wanawe tu."

Wanawe basi:
Mrusi anafinyangia theluji.
Mpolandi anabania kingo za viandazi vya kuchemsha.
Mcheki kalipeleka dukani, linauza gundi.
Na kwa Waserbia kuna nduguye asiye na kazi yoyote,
anaitwa Mzuri, basi,
maana kilichonata sawasawa kimekaa.
"Kama gauni langu la Idi," mama alidakia,
"lilivyonikaa."

Na mzazi wa neno?
Baba akakuna kidevu. Kinyota kingine, nyuma zaidi:
mafuta, mafuta yanayong'ang'ania kidole.
Nyuma ya hapo, giza.

Mama alikuwa na udongo wa bondeni magotini.
"Sisi hatuna lenye kinyota?"
"Lipo hilo unalolifanya. Sisi kuumba,
Wayao kugumba, Wakongo kubumba.
La kwanza huenda lilikuwa na b zote mbili."
Mama akalijaribu, akipigapiga kitako cha chungu kwa kibao:
bumba, bumba, bumba.
Chungu kikaitika.

Bibi Nangumbi, mzaa mama, hakupigwa picha.
Alikufa kabla sijazaliwa, kaburi halina jina,
mkorosho umeotea kichwani.
Namtafuta kama baba alivyonifundisha:
masikio kwa dada Somoe,
mguu wa kushoto unaochelewa kwa mjomba Mchopa,
na hiki kicheko changu kinachopanda mwishoni kama swali,
ambacho mama akikisikia huacha kazi, akanitazama.
Nimemwandika ukurasa wa mwisho.
Nimemtangulizia kinyota.

Vyungu vya mama vina mbonyeo tatu mdomoni,
za dole gumba, upande mmoja.
Nilimuuliza za nini.
"Sijui," alisema. "Ndivyo vinavyofanywa."