Shilingi Ikiinama

Shimanzi kwenye maghala, Bwana Shee aonja chai,
Mnada huuza kwa dola, na mteja hakatai,
Deni kalipa na kula, mfuko ungali hai,
Shilingi ikiinama, nani anayeinuka?

Mwanasha wake Majengo, akanda unga wa ngano,
Kasha halina mlango, ila dola kwa mkono,
Bei yavunja kiwango, mwezi huu mara tano,
Shilingi ikiinama, nani anayeinuka?

Mahamuri yamekonda, kama sikio la paka,
Wateja wanamponda, wauliza: "Umechoka?"
Bei yataka kuwanda, yeye ndiye aishika,
Shilingi ikiinama, nani anayeinuka?

Shee ateta mezani: "Wengi hushusha kusudi
Sarafu, na masokoni, bidhaa zao huzidi."
Mke: "Wote wakiwa chini, yu wapi wa kufaidi?
Shilingi ikiinama, nani anayeinuka?"

Asubuhi, kwa bahasha, Shee kanunua unga,
Ziada yote yaisha, gunia lingali changa,
Hamuri kamuonjesha, na chai, pasi kulonga.
Shilingi ikiinama, nani anayeinuka?