Ka

Ghorofani, juu ya duka la dawa pale Buguruni,
Mwalimu Edina ameandika ubaoni kwa chaki ya kijani
(nyeupe ziliisha tangu Jumanne):
First. Next. Then. After that. Finally.
"Kila mtu aeleze kazi yake. Kwa mpangilio."

Mimi fundi friji. Nikaandika:
I open the fridge. I smell. I listen.
Akapita na kalamu nyekundu.
"Then yako iko wapi, Mzee Shomvi?"
Nikajipapasa mifukoni kama mtu anayedaiwa chenji.

Mwalimu, kwetu kamba haifungwi nje ya mzigo.
Imo ndani. Silabi moja, ndogo kama nati ya spana namba nane:
nikafungua, nikanusa, nikatega sikio,
gesi ikanijibu kwa mluzi,
mwenye friji akauliza bei kabla sijainua kichwa,
nikamtajia, akaguna.
Hakuna aliyepotea njiani.

"Sawa," akasema, "lakini siku ya usaili hotelini
meneja hataisikia hiyo ka."
Kweli. Nikainama, nikaanza upya.
Safari hii alitaka jambo lililompata mtu,
lugha ichanganywe, mradi vibao viwe mahali pake.

First, Kidawa akashika kichwa.
Next, tukampeleka Amana.
Then, wakasema tusubiri.
After that, tukasubiri.

Hapo kalamu ikagoma.
Umeme nao ukakatika; feni ikajizungusha mara tatu za bure,
ikasimama.
Mtu akawasha tochi ya simu,
na pale ubaoni likabaki neno moja, la kijani,
likinitazama.

Hilo la mwisho, Mwalimu, sina pa kuliweka.
Maana tulizika alasiri, tukanawa, watu wakatawanyika,
nikaingia jikoni nikakuta friji yetu inanguruma kama kawaida,
ndani mna bakuli la mchuzi wa nazi
alilolifunika kwa sahani yeye mwenyewe.
Nikaupasha moto.
Nikala nimesimama.
Nikaliosha bakuli, nikalirudisha tupu, nikalifunika vilevile,
kukapambazuka,
simu ikaita, friji ya mtu imeharibika Vingunguti,
nikabeba mkoba,
nika

Mwalimu Edina akasoma kwa mwanga wa kuazima.
Kalamu nyekundu ikaning'inia juu ya karatasi kitambo,
akaifunika.
"Umeme ukirudi," akasema.
Tukakaa gizani, tukiusubiri.