Kukabidhi Kipande

Chinguile, shika daftari. Kipande sasa ni chako:
toka kibao cha Mnara hadi mwisho wa msitu wa Rondo,
kilomita saba, vibarua sita,
mafyekeo manne, moja mpini umelegea.
Gurudumu la toroli ni la kuazima;
mwenyewe hajaliulizia.

Mkataba unasema: fyeka mita mbili kila upande.
Fyeka.
Ila kwenye kona ya udongo mwekundu
subiri nyasi zimwage mbegu.
Kuna ua la zambarau pale, jina silijui.
Bibi mmoja wa Ntene huja kuchimba mzizi wake;
nilimwuliza wa nini, akaniuliza nimezaa wangapi,
akaenda zake.

Matawi yaliyoshikana juu ya barabara
usiyaguse. Ni njia ya komba.
Mwaka tulioyakata ili lori la mbao lipite,
alishuka chini, akavuka kama mtu.
Walevi tunawaita kwa jina lake,
lakini usiku ule hakuwa amelewa yeye.
Nilimwokota alfajiri kwa koleo,
mwepesi kama kilemba changu,
macho wazi, yamejaa vumbi.

Kalavati la tatu lizibue Oktoba, lingali kavu.
Desemba vyura wameshataga;
ukiingiza jembe utatoa uhai kwa karai.
Na asubuhi ukiona mchirizi wa mkia mchangani,
na kucha kando yake,
huyo ni kakakuona. Pitisha mguu, futa.
Usimwambie mtu. Mkeo naye ni mtu.

Kifusi kisimwagwe bondeni,
hata wakisema ndiko karibu.
Ukikimwaga utakinywa.

Jambo la mwisho halimo daftarini.
Mfereji kwenye ramani umenyooka;
ardhini umepinda hatua nne,
kukwepa mche wa mpingo.
Injinia alikuja toka Lindi mjini na kamba yake,
akauliza kulikoni. Nikasema mwamba.
Akaandika: mwamba.
Akirudi, ni mwamba, Chinguile.
Miaka kumi na moja, na unanifika kiunoni tu.
Kuvuna hatutavuna, mimi wala wewe,
wala huyo mwanao anayetambaa.
Mimi kila nikipita huuwekea kiganja pale juu,
naona kama umeongezeka,
halafu naona labda ni mimi ninayepungua.

Haya. Saini hapa.
Na hapa.
Kalamu irudishe, ni ya ofisi.